Nani Alipika Ujiji?

Mdogo wangu anaishi Ulaya ya kaskazini, mwaka wa saba sasa, na hajarudi hata mara moja. Makaratasi yake hayajakaa sawa. Akitoka, hana uhakika wa kuruhusiwa kuingia tena. Mwezi uliopita alinitumia ujumbe wa sauti, mfupi tu: "Dada, hebu muulize mama, wale migebuka wa mawese anawapikaje? Anaanza na mafuta au anaanza na vitunguu?"

Nilikuwa nyumbani kwetu Ujiji siku hiyo. Nikamsogezea mama simu sikioni. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mwambie aje ale." Kisha akaendelea kuchambua mchele.

Mimi ni mwandishi wa habari, nimezoea kuuliza mara ya pili na ya tatu. Mafuta kiasi gani, mama? "Ya kutosha." Yakae motoni muda gani? "Mpaka harufu yake ibadilike." Ibadilike iwe ya namna gani? Hapo akaniangalia kama vile mtu aliyepoteza ada ya shule bure.

Usiku nikafanya ninachofanya kila ninaposhindwa na watu: nikaenda kwenye vitabu. Nilitaka kujua fasihi imemwandikaje mtu anayekumbuka chakula cha kwao akiwa mbali, na hasa imeandika nini kuhusu mwambao wetu huu wa Ziwa Tanganyika. Nilichokuta kilinichekesha kwanza, halafu kikaniudhi. Mla chakula maarufu kuliko wote katika maandishi kuhusu Ujiji, yule aliyekuwa mbali na kwao, mgonjwa, hana hamu ya kula, ni Mskoti. Ni David Livingstone.

Tukio lenyewe mnalijua. Mwishoni mwa 1871 Henry Morton Stanley, aliyetumwa na gazeti la New York Herald, anaingia Ujiji na kumkuta mzee. Salamu yao imegeuzwa utani duniani kote, na pale Ujiji kuna makumbusho yenye miembe ambayo wageni huelezwa kuwa ni kizazi cha ule mwembe wa siku hiyo. Lakini watu wengi wanaishia kwenye salamu. Ukiendelea kusoma kitabu cha Stanley, *How I Found Livingstone*, kilichotoka 1872, kurasa zinazofuata hapohapo ni za chakula.

Na ni chakula kingi! Sayd bin Majid analeta sinia la mikate ya nyama, bado ya moto. Mohammed bin Sali anapeleka kuku wa mchuzi. Mwinyi Heri anapeleka nyama ya mbuzi na wali. Stanley naye anatoa shampeni aliyoitunza safari nzima, pamoja na vikombe vya fedha. Livingstone, ambaye kwa maelezo yake mwenyewe tumbo lilikuwa likikataa karibu kila kitu isipokuwa chai, sasa anakula. Anakula na kusoma barua na kuuliza habari za dunia, yote kwa pamoja.

Nakiri kwamba ni ukurasa mzuri. Mwandishi mwenzangu aliona jambo la kweli: kilichokuwa kimekosekana si nyama. Nyama ya mbuzi ilikuwepo Ujiji kabla ya Stanley. Kilichokosekana ni mtu wa kula naye anayejua kwenu ni wapi. Hamu ya kula ilirudi pamoja na mazungumzo. Yeyote aliyewahi kula peke yake katika chumba cha kupanga kwenye nchi ya watu anaelewa hilo bila kuelezwa.

Ila kuna mtu mwingine katika ukurasa ule. Anaitwa Halima, mpishi wa Livingstone. Stanley anamwonyesha akichungulia kutoka jikoni, akienda mbio huku na huku, amejaa msisimko, anashangaa Daktari anavyokula. Amewekwa pale ili tucheke kidogo. Nami nilipousoma ukurasa huu mara ya kwanza, nikiwa chuoni, nilicheka kweli.

Safari hii sikucheka. Stanley mwenyewe, bila kukusudia, ametuachia ushahidi: Halima alikuwa na wasiwasi kwa sababu Daktari alikuwa hali. Sasa fikiria maana yake. Ni yeye aliyekuwa akipika kila siku, akipeleka sahani, akiirudisha imejaa. Katika mji mzima, yeye ndiye aliyeujua ugonjwa wa Livingstone kwa kuupima na kijiko. Wakubwa waliopeleka masinia wametajwa kwa majina na vyakula vyao. Lakini ni nani aliyekaanga mikate ile nyumbani kwa Sayd bin Majid? Nani alimchinja na kumnyonyoa yule kuku? Tusisahau Ujiji ya wakati huo ilikuwa mji wa pembe za ndovu na wa watumwa. Jikoni mwa wakubwa wale mlikuwa na watu ambao nao waliletwa kutoka mahali, nao walikuwa na chakula cha kwao. Kitabu hakiwaulizi wanakumbuka nini.

Hapo ndipo ninapotaka kusimama kama msomaji. Maandishi ya kukumbuka chakula yana kasoro moja ya zamani: yanamkumbuka mlaji, yanakumbuka sahani, yanasahau mkono. Siku hizi swali langu la kwanza kwa kitabu chochote cha namna hii ni moja tu: nani alipika?

Nimlete sasa mtu anayelijibu swali hilo vizuri kuliko wengi, Abdulrazak Gurnah, Mzanzibari wetu aliyepata Nobeli ya Fasihi mwaka 2021. Katika *By the Sea*, mzee Saleh Omar anashuka uwanja wa ndege wa Gatwick akiwa na kijisanduku cha udi. Ameacha nchi, nyumba na jina lake, amebeba harufu. Ofisa wa uhamiaji anakichukua kile kijisanduku, na sisi wasomaji tunaelewa kwamba amechukua kitu kisichoandikwa kwenye fomu yoyote. Wengi wanaisifu sehemu hiyo, na wana haki.

Lakini mimi naipenda zaidi *Gravel Heart*, riwaya yake ya 2017. Humo mtoto Salim kila siku anabeba kikapu cha chakula kumpelekea baba yake, ambaye ameondoka nyumbani na kwenda kuishi chumba cha nyuma ya duka. Mama ndiye anayepika. Mtoto anapeleka, baba anapokea, hakuna anayeeleza kwa nini. Chakula kile ni mapenzi? Ni kuomba radhi? Ni malipo ya deni? Gurnah hakupi jibu mapema. Anakuacha ubebe kikapu pamoja na mtoto mpaka kikulemee. Kwa hiyo Salim anapofika London na kumwandikia mama yake barua, nyingine asizozituma, sisi tunajua tayari kwamba nyumbani kwao chakula hakikuwa raha tupu.

Ndivyo ilivyo hata katika *Peponi*, tafsiri ya Ida Hadjivayanis ya *Paradise*, ambayo tunaweza kuisoma kwa lugha yetu tangu 2022. Mtoto Yusuf anafurahia ujio wa Ami Aziz kwa sababu siku hizo mama anapika karamu na yeye anapata mabaki mazuri. Baadaye tunajua mtoto mwenyewe ndiye rehani ya deni la baba. Soma karamu zile kwa mara ya pili, uone kama pilau litakuwa na ladha ileile.

Huo ndio uhodari wa Gurnah: hatenganishi utamu na gharama yake. Pamoja na hayo, nina lalamiko, na si lake yeye peke yake. Meza ya fasihi yetu ya ughaibuni ni meza ya pwani. Pilau, halwa, kahawa, udi. Bara inatokea kama njia ya misafara, na ziwa linatokea kama mahali pa kuvuka. Katika *Peponi* msafara unalifikia ziwa na kulivuka, na tunalitazama kwa macho ya wafanyabiashara waliotoka mbali. Ni haki ya riwaya hiyo, kwa kuwa inahusu watu hao. Lakini mtu wa Kigoma, Uvira au Kalemie anayekumbuka kwao, atajisoma wapi?

Na hao watu wapo wengi. Kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, ilifunguliwa 1996 kwa ajili ya Wakongo waliokimbia vita, na kutoka pale familia nyingi zimehamishiwa Marekani, Kanada na Australia. Kuna watoto waliozaliwa kambini ambao leo ni watu wazima kwenye miji yenye theluji, na Kiswahili chao ni cha mwambao huu. Chakula chao ni chetu: ugali wa muhogo, dagaa, kisamvu ambacho wao wanakiita sombe, mawese mekundu juu yake. Wamevuka mara mbili. Wakisema wanakumbuka nyumbani, wanasema nyumbani ipi? Swali hilo peke yake ni riwaya nzima.

Mpaka sasa ninachokiona zaidi ni orodha. Mnazijua zile: shairi au andiko la mtandaoni linaloanza na baridi ya ugenini, likaja dagaa wa Kigoma, likaja mawese, likaja mama, likaisha na machozi. Sizidharau. Mtu akikumbuka, ana haki ya kukumbuka anavyoweza. Ila orodha haifanyi kazi ya fasihi, kwa sababu inatupa sahani iliyokwisha pakuliwa. Dagaa wa kwenye orodha hana bei, hana mvuvi, hana usiku.

Dagaa wa kweli ana usiku. Anavuliwa kwa taa, zamani karabai, siku hizi nyingi ni za betri na sola, na mbalamwezi ikiwa kali taa hazimvuti, kwa hiyo wavuvi wanapumzika na nyumba nyingi zinajua mwezi uko wapi bila kutazama juu. Asubuhi kina mama wapo mwaloni Kibirizi wakisubiri, kila mmoja na beseni lake na hesabu yake kichwani. Dagaa wanaanikwa, wanageuzwa, mvua ikinyesha hasara ni ya aliyenunua. Mawese nayo yana kazi yake: kuangua mikungu ya chikichi, kuchemsha, kukamua, kuni, moshi. Mwandishi akiyaweka haya, hahitaji kuniambia kwamba anakumbuka. Nitajua.

Tena mtu anaweza kukumbuka bila kupanda ndege. Mwaka 2024, kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, serikali ilisimamisha uvuvi katika Ziwa Tanganyika ili samaki wapate kuzaliana. Mama yangu, anayekaa mwendo mfupi tu kutoka majini, akaanza kumzungumzia mgebuka kama mtu aliye ughaibuni. "Yule wa kubanika, wa mgongo mnene." Nilimwambia, mama, umehamia Ulaya? Akacheka, lakini jioni alikula maharage kimyakimya. Jirani yetu, ambaye kazi yake ni kuanika dagaa, hakucheka kabisa. Kwake yeye kukosekana kwa samaki hakukuwa hamu, ilikuwa kodi ya nyumba. Hamu ya mlaji na njaa ya anayeanika zilikaa mtaa mmoja, na hadithi yoyote inayochukua ya kwanza na kuiacha ya pili naiona nusu.

Najua kuna atakayesema ninabebesha mchuzi mzigo wa siasa, chakula ni chakula. Sawa. Lakini mdogo wangu hakuomba pilau la hotelini. Aliomba mkono wa mtu mmoja anayemjua, na mkono huo hauwezi kuingia kwenye kifurushi. Vifurushi tumejaribu. Dagaa tuliomtumia mwaka juzi, tumefunga mara tatu kwa nailoni, walizuiliwa kule kule na kutupwa.

Hatimaye mama alikubali nimrekodi akipika. Video ya dakika kumi na moja, uso hauonekani, ni mikono tu na sufuria. Mafuta ndiyo yanaanza, kama mlitaka kujua. Mdogo wangu akanunua mawese kwenye duka la Waafrika wa Magharibi, samaki wa kubanikwa wa baharini kwa kuwa mgebuka hakuna, akapika, akawaita wenzake anaokaa nao. Akatutumia video yake: watu wanne, ugali umechongwa vizuri, wanakula na kucheka. "Siyo yenyewe," akasema, "lakini imekaribia."

Mama aliitazama mara mbili. Nilidhani atasema kitu kuhusu rangi ya mchuzi. Akauliza, "Na vyombo? Ameosha nani?"

Nimemtumia swali. Bado hajajibu.