Kijani cha Msitu Kwenye Karatasi: Rangi za Tasnifu Kutoka Word Hadi Mashine ya Kuchapia

Tasnifu za Chuo Kikuu cha Kisangani zinazochunguza misitu ya mkoa wa Tshopo, iwe ni Yangambi, Yoko au Masako, mara nyingi huwa na ramani ambazo hoja yake imebebwa na rangi: kijani kilichokoza ni msitu wa asili, kijani hafifu ni msitu uliochipuka upya baada ya shamba kuachwa, na njano ni ardhi inayolimwa. Ramani hizo huchorwa katika programu ya ramani, hubandikwa ndani ya Word, kisha faili hupelekwa kwa mpiga chapa. Na ni katika hatua hizo chache ambapo vijani viwili huweza kugeuka kimoja, ushahidi ukapotea ilhali hakuna neno hata moja lililofutwa.

Chanzo cha hitilafu hiyo ni kwamba kioo cha kompyuta na karatasi huzaa rangi kwa njia zinazopingana. Kioo huanzia gizani na kuongeza mianga mitatu, yaani nyekundu, kijani na buluu, kila mmoja ukipimwa kuanzia 0 hadi 255. Karatasi huanzia kwenye weupe wake, na kila wino unaoongezwa hunyonya sehemu ya mwanga. Wino huo ni wa aina nne, yaani siani ambayo ni buluu inayoelekea kijani, majenta ambayo ni nyekundu inayoelekea zambarau, njano na nyeusi, na kipimo chake ni asilimia. Word hutunza rangi kwa mfumo wa mianga, kwa kawaida kwa kufuata sRGB, kipimo kilichopendekezwa na HP na Microsoft mwaka 1996 kwa ajili ya vioo vya wakati ule, na kwa hiyo si chombo cha kutegemewa kuagizia asilimia za wino. Kijani kikali cha 0, 255, 0 hakifikiwi kabisa na wino hizo nne, na buluu ya 0, 0, 255 ikichapwa huelekea zambarau.

Daraja kati ya mifumo hiyo miwili ni profaili ya rangi, yaani jedwali linaloeleza kifaa au karatasi fulani hutoa rangi gani hasa kwa kila kipimo. Kwa kuwa kila karatasi ina profaili yake, ubadilishaji unapaswa kufanywa mara moja tu, na mtu anayeijua karatasi itakayotumika. Mwandishi anayewahi kuibadilisha faili kwa profaili ya karatasi laini inayong'aa, kisha kazi ikachapwa kwenye karatasi ya kawaida ya ofisini, ameiharibu bila kukusudia. Ni afadhali atoe PDF yenye rangi za sRGB pamoja na picha asilia za ramani, kwa maana Word isipozuiwa katika mipangilio yake hupunguza picha hadi nukta 220 kwa inchi, wakati uchapaji mzuri huhitaji takriban 300.

Maandishi meusi yanadai uangalifu wa pekee. Nyeusi ya mfumo wa mianga ikibadilishwa kwa pupa huweza kugawanywa katika wino zote nne, kwa mfano siani 75, majenta 68, njano 67 na nyeusi 90, na hapo herufi ndogo huzungukwa na kivuli cha rangi kila karatasi inaposogea kidogo mashinini. Mpiga chapa ahakikishe kwamba maandishi yanabaki kwenye wino mweusi peke yake.

Huko kusogea kwa karatasi si jambo la kubahatisha Kisangani, mji ulio karibu na ikweta, unaopata mvua ya karibu milimita 1,800 kwa mwaka. Karatasi iliyoachwa wazi hunyonya unyevu na kutanuka, hasa kwa upana wa nyuzi zake, ilhali wachapaji hupendelea ghala lenye unyevu wa asilimia 45 hadi 55. Karatasi isiyopakwa tabaka laini, kama ile ya ofisini, huongeza tatizo la pili: nukta ya wino hutanuka inapofyonzwa, hata eneo lililoagizwa kwa asilimia 50 likaonekana kama la karibu 70. Rangi za kati ndizo zinazoumia zaidi, na vijani vya misitu vimo humo humo.

Kwa sababu hiyo, ramani ichorwe tangu mwanzo kwa kuufikiria wino. Msitu wa asili na msitu uliochipuka vitofautishwe kwa wepesi na uzito wa rangi, si kwa aina ya kijani tu, na pale mipaka inapobeba hoja, mistari ya mshazari iongezwe juu ya rangi. Ramani inayosomeka baada ya kutolewa nakala ya nyeusi na nyeupe itasomeka pia mashine ikiyumba. Bendera ya taifa nayo, ikiwekwa jaladani, inahitaji hadhari ya namna nyingine: Katiba ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ya tarehe 18 Februari 2006 inataja buluu ya anga, nyota ya njano na mstari mwekundu uliozungushiwa njano, bila kutoa asilimia za wino, na buluu hiyo hubaki buluu iwapo majenta itakuwa chini ya siani kwa angalau pointi 30.

Ukurasa wa ramani uchapwe kwanza peke yake, kwa mashine na karatasi ile ile ya kazi nzima, ukaguliwe mchana kando ya dirisha na msimamizi wa utafiti, kisha utiwe saini na kuachwa kwa mpiga chapa awe anaulinganisha na kila rundo linalotoka.