nmcli: amri nzuri, ila inachukulia intaneti ni ya bure

Wiki ya kwanza ya kazi yangu ya uwandani Mtunda, wilayani Kibiti, nililala na bando la GB 5 nikaamka na sifuri. Sikuwa nimefungua hata video moja. Laptopu ilibaki kwenye Wi-Fi ya kirauta changu cha mfukoni, na usiku programu zikajishushia masasisho. Picha za mikoko nilizopaswa kumtumia msimamizi wangu asubuhi hazikwenda.

Tangu hapo natumia nmcli, amri ya Linux inayoongoza NetworkManager, programu ambayo Red Hat waliianzisha mwaka 2004. Swali langu ni moja: inatufaa kiasi gani sisi tunaonunua intaneti kwa kipimo?

Tuanze na sifa zake. `nmcli device status` inakuonyesha mara moja kifaa kipi kimeunganishwa. `nmcli networking off` inakata mtandao, `on` inaurudisha. Haihitaji kipanya wala madirisha, kwa hiyo hata kompyuta isiyo na skrini unaiongoza vizuri.

Halafu kuna hii, ambayo wengi hawaijui:

`nmcli connection modify Mfukoni connection.metered yes`

"Mfukoni" ni jina la muunganisho wangu. Wewe weka la kwako. Amri hii inazitangazia programu kwamba data hapa inalipiwa. Lakini hilo ni ombi tu, si kufuli. Programu yenye adabu itasubiri. Isiyo na adabu itaendelea kula bando.

Lawama yangu kubwa ni kwenye kukisia. Usipoweka chochote, NetworkManager inajikisia yenyewe. Simu ya Android ikigawa intaneti hutuma ishara kwamba data inapimwa, na NetworkManager inaielewa. Wi-Fi isiyotuma ishara hiyo inakisiwa kuwa haina kipimo. Hapo ndipo nilipoumia. Hakiki yako kwa `nmcli -f GENERAL.METERED device show`.

Mtu atasema: wakikisia kinyume chake, masasisho ya usalama yatachelewa. Ni kweli, na hilo si jambo dogo. Lakini kati ya kukisia huku na kukisia kule kuna njia ya tatu: kuuliza. Swali moja tu siku ya kwanza ya kuunganisha, "Hapa unalipia kwa GB?", lingetosha. Kukisia "hapana" kunamfaa mwenye faiba nyumbani. Huku deltani, gharama ya kosa analipa mtumiaji.

Basi mpaka watakapouliza, ushauri wangu ni usitegemee adabu ya programu. Zuia kujiunganisha kwenyewe:

`nmcli connection modify Mfukoni connection.autoconnect no`

Ukitaka kutuma kazi, `nmcli connection up Mfukoni`. Ukimaliza, `down`, ndipo ulale. Picha zangu siku hizi zinafika, na bando linaamka lilivyolala.