Hodi Tatu za Gede

Siku hizi vijana hupanga kwenda magofu ya Gede, mji wa kale wa pwani ya Kenya, kama wanavyopanga kwenda kuogelea. Mmoja hutoa wazo kwenye kundi la simu, kumi hukubali, watano hufika stendi ya Malindi. Wanakwenda kutishwa. Juzi nilijipachika kwenye msafara wa namna hiyo, mimi mwenye umri wa kuwazaa, na tulipofika ndani ya Kasri kijana mmoja akabonyeza simu, ikatoka sauti ya mwanamke anayecheka. Wenzake wakapiga mayowe, kima wakaparamia mti, na kicheko chao kikazima kile cha simu. Basi. Jini limeshaonekana, sasa soda ziko wapi?

Nikamkumbuka mzee aliyetutembeza humo humo sisi tulipokuwa wanafunzi, tukiwa watano vilevile, na ujasiri wetu wa kukopa.

Alitusimamisha penye uwazi wa ukuta, akavua ndara zake akazishika mkononi. Akasema, "Hodi." Akanyamaza. Mmoja wetu, akidhani ni mzaha, alitaka kuitikia "karibu". Mzee akamwinulia kidole bila kumtazama. Akapiga hodi ya pili. Safari hii alisubiri muda mrefu mpaka tukaanza kusikia vitu ambavyo vilikuwepo siku zote: majani makavu, mdudu kwenye gome, pumzi ya jirani. Ya tatu aliitamka kwa sauti ya chini, kama mtu anayechelea kumwamsha mtoto. Akatega sikio. Kisha akaitikia kwa kichwa, kana kwamba ameelezwa jambo, akasema, "Haya, wajukuu zangu. Twendeni. Msiguse kitu cha watu."

Ufundi wote ulikuwa hapo. Kila mmoja wetu alifundishwa nyumbani kwamba hodi tatu zisipojibiwa, mgeni hurudi alikotoka. Kwa hiyo ama tulikuwa tunaingia kwa watu bila ruhusa, ama mzee alikuwa amejibiwa na sisi hatukusikia. Lipi lilikuwa nafuu? Nilitembea nikiona haya kwa kelele ya viatu vyangu, maana yeye pekupeku hakusikika kabisa.

Hakutaja jini wala mzimu hata mara moja. Alitaja vyombo. Nyumba kadhaa za Gede zimepewa majina ya vitu vilivyofukuliwa ndani yake: hii ya mkasi, ile ya taa ya chuma, ile ya bakuli la kauri. Mzee alisimama kwenye nyumba ya mkasi akauliza, taratibu kabisa, "Mtu akihama, huacha mkasi?" Halafu akaendelea na safari bila kungoja jibu. Wataalamu wana majibu yao, na hawajakubaliana: visima vilikauka, ama vita vya Wazimba, ama mashambulizi ya Waoromo, ama biashara kuhamia kwingine. Katika karne ya 17 mji ulihamwa, ukaachiwa msitu. Hayo nilikuja kuyasoma baadaye, na hakuna hata moja lililonitia baridi kama swali lile la mkasi.

Kwenye kaburi lenye tarehe alituhesabisha. Limeandikwa mwaka 802 Hijria, sawa na 1399 Miladia. Tuliitoa ile miaka kwa vidole, tukikosea na kurudia, huku yeye amekaa pembeni kama mtu anayesubiri wageni wamalize kumsalimia mwenyeji. Na tulipokuwa tunatoka, miguu ikiwa tayari inataka kukimbia, ndipo akasema kwamba hata Mwingereza James Kirkman, aliyefukua hapo kuanzia 1948, aliandika kuwa alihisi kuna anayemtazama kutoka nyuma ya kuta. Ni kweli, aliandika. Mtu mwingine angeanza na habari hiyo langoni. Mzee aliihifadhi mpaka tulipokuwa tumezipa kuta mgongo.

Kama mwenyewe aliamini, sikumuuliza, na nashukuru kwamba sikumuuliza. Hakutufanya tupige mayowe. Alitufanya tuwe na adabu, na hofu ikaingia kupitia mlango huo.

Mwaka 2024 UNESCO iliiingiza Gede kwenye Orodha ya Urithi wa Dunia, na ilistahili zamani. Kuta zitapakwa chokaa zisibomoke, miti itapogolewa isizipasue. Lakini ile subira baina ya hodi na hodi ilikuwa ya mzee, naye alikwenda nayo, na mimi niliyeisikia sikupata kumfundisha mtu. Nilipojaribu juzi, yule kijana wa simu alijibu "karibu" kabla sijafika ya pili, na wote wakacheka, nami nikacheka nao.

Msomaji, ukimjua mtembezi mmoja ambaye bado anasubiri, nipeleke kwake. Nauli ya matatu nitalipa mimi.