Bodi ikitoka kwenye dawa, usiiache ilale

Bodi ya saketi ya majaribio iliyotengenezwa nyumbani mara nyingi huharibika baada ya kazi ngumu kwisha. Mchoro umehamia kwa pasi ya nguo, dawa ya feriki kloraidi imekula shaba isiyotakiwa, mistari imetoka safi. Kisha bodi inaachwa mezani mpaka kesho. Kwa unyevu wa Muheza, chini ya Usambara Mashariki, hasa wakati wa masika, usiku mmoja unaweza kutosha: asubuhi shaba imefifia na alama za vidole zimejichora juu yake.

Risasi ya kuchomea haishiki kwenye shaba ya namna hiyo, inajiviringa matone. Dawa isiyosuuzwa vizuri nayo huacha chumvi inayofyonza maji na kuendelea kuila shaba, ambayo unene wake wa kawaida ni mikroni 35 tu.

Viwandani, ili kulinda shaba, bodi nyingi hutumbukizwa kwenye risasi iliyoyeyuka, kisha hewa ya moto hupuliza ziada. Fundi wa nyumbani hana mtambo huo, ila ana rozini, inayotokana na utomvu wa misindano, jamii ya miti iliyopandwa Shume, Lushoto. Akiiyeyusha kwenye spiriti na kuipaka kwa brashi, hupata kazi mbili: ikikauka inazuia hewa, ikipata moto asidi yake inaondoa kutu ili risasi itambae.

Mpangilio ndio unaoamua. Suuza kwa maji mengi, futa wino kwa thina, toboa kwa keekee ya milimita 0.8, pitisha msasa laini, kausha, ndipo upake rozini. Ukipaka kabla ya kutoboa, vumbi litanasa kwenye rozini.

Wakati wa kuchomea, kumbuka kuwa matobo ya nyumbani hayana shaba ndani. Kiungo kinashikiliwa na duara la shaba la upande mmoja, lililobandikwa kwa gundi, na moto ukizidi linabanduka. Risasi yenye bati asilimia 60 huanza kuyeyuka kwenye nyuzi 183. Isiyo na madini ya risasi mara nyingi hudai zaidi ya 215. Anza na vipinga na soketi ya IC, malizia na rilei. IC iingie mwisho, baada ya multimita kuthibitisha volti kwenye soketi.

Kwa hiyo, kama hakuna muda wa kufika kwenye rozini siku hiyohiyo, bodi isiingie kwenye dawa.