Nyumba na Waliokaa Ndani Yake

Katika vitabu vyote vilivyomo mikononi mwa wasomaji wetu, hapana vinavyopokelewa kwa moyo mweupe kama vile vya kumbukumbu za nyumbani. Asomaye hadithi ya kubuni hujua tangu mwanzo kuwa anaongozwa na mtungaji, naye huridhia. Asomaye historia hutazama miaka na kuuliza ushahidi. Lakini akutanapo na mtu anayemwambia, "Nilizaliwa katika nyumba hii, mama yangu alikuwa fulani, na mji wetu ulikuwa hivi," huacha kuuliza. Nani atabishana na mtu juu ya mama yake? Heshima hiyo ni njema, wala sina nia ya kuivunja. Nataka kusema tu kwamba haitoshi. Kitabu cha namna hii husomwa vyema na yule anayejiuliza, ukurasa baada ya ukurasa, katika nyumba hii inayosimuliwa nani alikuwamo ambaye hakupata nafasi ya kusema.

Swali hili si la uadui. Wahenga walinena kwamba mwamba ngoma, ngozi huivutia kwake. Hawakunena kwamba ngoma yake isichezwe. Mwandishi wa kumbukumbu hana budi kuivuta ngozi upande wake, maana upande wake ndio anaoujua. Kazi ya msomaji ni kutazama ngozi ilivutwa kutoka wapi.

Naona ni haki nieleze kwa nini swali hili hunisumbua mimi. Nilipokuwa mtoto nilimwuliza bibi yangu, mzaa mama, kwamba mama yake alitoka wapi. Alinijibu kwa neno moja, "Bara," kisha akaniagiza maji mtungini. Nilirudi na maji, naye alikuwa amekwisha kuanza maneno mengine. Bara ni pana. Utumwa ulifutwa kisheria Unguja mwaka 1897, katika pwani ya Kenya mwaka 1907, na Tanganyika mwaka 1922, na kwa hiyo watu wengi wa pwani walio hai leo wana bibi au mama wa bibi aliyeishi chini ya desturi ile, ama kwa kumiliki ama kwa kumilikiwa, na mara nyingine kwa yote mawili katika ukoo mmoja. Tangu siku ile nimevisoma vitabu vya kumbukumbu kama mtu anayetafuta jamaa yake katika umati. Hapa nitavitazama vinne, navyo vyote vimesimama juu ya jambo hilo hilo.

Cha kwanza ni Maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, mzaliwa wa Unguja aliyefariki huko mwaka 1905. Aliyaandika kwa Kiswahili, kwa herufi za Kiarabu, naye Heinrich Brode akayatoa kwa herufi za Kirumi pamoja na tafsiri ya Kijerumani, yakapigwa chapa Berlin mwanzoni mwa karne ya 20, W. H. Whiteley aliyatoa tena katika miaka ya 1950. Msomaji anayetaka utoto hapa atakosa. Mwandishi anatuambia kwamba alipokuwa na umri wa miaka 12 alianza safari za karibu za kuchuuza sandarusi, na hapo utoto wake umekwisha. Kinachofuata ni njia, vita, mikopo na pembe za ndovu. Pembe huhesabiwa kwa frasila, na frasila ni ratili 35 au karibu yake. Hesabu ya watu haina uangalifu kama huo.

Wako wasemao kwamba kitabu hiki hakina thamani kwa sababu mwandishi wake hajutii lolote. Mimi naona kinyume. Mtu asiyeona haya hafichi, na asiyeficha hutuachia ushahidi. Kila pembe iliyofika pwani ilikuja juu ya bega la mtu, mmoja mpagazi wa ujira, mwingine mtumwa. Kwa hiyo asomaye orodha ya frasila kwa akili iliyo macho anasoma pia orodha ya mabega. Mwandishi hakukusudia tuione, lakini hakuifuta. Hii ndiyo sifa ya kwanza ninayoitafuta katika vitabu hivi: kwamba mambo madogo yatajwe kwa usahihi, hata pale maana yake ilipomponyoka mwenye kuyataja.

Cha pili ni kumbukumbu za Salme binti Said, aliyeitwa baadaye Emily Ruete. Alizaliwa mwaka 1844 katika jumba la Mtoni, akaondoka Unguja mwaka 1866, akaolewa na mfanya biashara wa Hamburg, akafiwa na mumewe mwaka 1870, na kitabu chake kikatoka kwa Kijerumani mwaka 1886. Aliwaandikia kwanza watoto wake, ambao walikuwa wanakulia katika baridi ya Ujerumani bila kuijua nyumba ya babu yao. Hapana kitabu cha pwani chenye utoto mwingi kama hiki. Tunaona mabirika ya kuogea ya Mtoni, mashindano ya farasi na punda, na wivu wa wake na masuria. Tunamwona mtoto wa kike anayejifundisha kuandika kwa siri, akinakili herufi juu ya mfupa wa bega la ngamia, maana kuandika hakukuwa jambo la wasichana.

Lakini Salme aliandika pia sura juu ya utumwa, na ndani yake aliutetea. Alisema kwamba utumwa wa Mashariki haulingani na ule wa Marekani, na kwamba wageni huuhukumu bila kuuelewa. Msomaji akifika hapo na arudi nyuma, kwenye kurasa za mwanzo zinazomhusu mama yake. Jilfidan alikuwa Mcherkesi wa milima ya Caucasus. Wazazi wake waliuawa vitani, naye akachukuliwa, akauzwa, akafikishwa katika nyumba ya Sayyid Said angali mdogo. Umri wake ulikisiwa miaka saba au minane, kwa sababu jino lake la kwanza lilimtoka akiwa katika nyumba ile.

Nimelifikiri jino hilo mara nyingi kuliko hoja zote za sura ya utumwa. Mwana anautetea utumwa kwa maneno ya watu wazima, na mwana huyo huyo amehifadhi jino la mtoto aliyenunuliwa, ambaye ni mama yake. Sidhani kwamba alikuwa mnafiki. Nadhani alimpenda mama yake, na aliipenda nyumba iliyomnunua mama yake, wala hakuweza kuzitenganisha pande hizo mbili za moyo. Mhakiki anayemsema kwa sura ile peke yake amesoma nusu ya kitabu. Na anayemsifu kwa mapenzi yake ya Mtoni amesoma nusu ya pili. Aliyekisoma kizima ni yule aliyeona kwamba sura ile inajibiwa na jino, na kwamba jibu limo ndani ya kitabu kile kile.

Cha tatu kinatoka upande wa pili wa bahari hiyo hiyo. James Mbotela alitoa Uhuru wa Watumwa mwaka 1934. Hakuyaona kwa macho yake mambo makubwa anayoyasimulia. Aliyapokea kwa wazee. Baba yake alikuwa miongoni mwa waliotekwa bara, wakashushwa pwani, wakatiwa chomboni, kisha wakaokolewa na manowari ya Kiingereza na kuletwa Freretown. Kijiji hicho kilianzishwa na wamisionari wa CMS karibu na Mombasa katika miaka ya 1870, baada ya mapatano ya 1873 yaliyofunga soko la watumwa la Unguja. Kengele iliyotundikwa pale ili kuwaonya wakazi hatari inapokaribia imeliachia eneo jina lake, maana hata leo watu hupaita Kengeleni.

Tangu siku za uhuru kitabu hiki kimelaumiwa kwa haki. Shukrani zimekijaa hata zimeanza kuwa sifa, na sifa hizo ziliufaa utawala uliokuwa unatawala kilipopigwa chapa. Jina lake lenyewe humfanya msomaji adhani kwamba uhuru ni kitu kilichotolewa na mkono mmoja na kupokewa na mwingine. Lakini historia ya pwani ina habari nyingine pia. Watoro walijenga vijiji vyao wenyewe, kama Fuladoyo nyuma ya Takaungu. Wengine walikimbilia Rabai kwa miguu yao, hata mwanzoni mwa mwaka 1889 zaidi ya watu 1,000 wakapewa hati za uhuru ambao kwa vitendo walikuwa wamekwisha kuutwaa.

Hata hivyo sikubaliani na wale ambao, baada ya lawama hiyo, hukifunga kitabu na kukirudisha rafuni. Mtu aliyetolewa ndani ya chombo akiwa amefungwa hamwulizi mwokozi wake nia yake. Shukrani ya baba ilikuwa ya kweli, na mwana aliirithi kama wengine wanavyorithi shamba. Kumtaka Mbotela aandike kana kwamba manowari ile haikufika ni kumtaka aikane nyumba yake. Tena tusisahau kwamba Tippu Tip na Mbotela wanasimulia njia moja. Mmoja alikwenda mbele ya msafara na mwingine ni mwana wa aliyekwenda ndani yake. Kiswahili kina bahati ya kuwa na vitabu hivyo vyote viwili, na mwalimu anayefundisha kimoja bila kingine anawapa wanafunzi wake nusu ya njia.

Cha nne ni kidogo kwa sauti. Katika miaka ya 1970 Sarah Mirza na Margaret Strobel walirekodi mazungumzo ya wanawake wa Mombasa, na matatu kati yake yakatolewa kitabu kwa Kiingereza mwaka 1989, na kwa Kiswahili mwaka 1991, kwa jina la Wanawake Watatu wa Kiswahili. Wasemaji ni Kaje wa Mwenye Matano, Mishi wa Abdala na Shamsa Muhamad Muhashamy. Mmoja wao ni wa kizazi cha watumwa. Mwingine ni wa ukoo wa mabwana. Wanazungumza juu ya ndoa, malezi, arusi, na vyama vya ngoma ambamo wanawake walishindana. Hapa hakuna safari za maelfu ya maili, wala majumba. Pana mji mmoja uliotazamwa kutoka vyumba vitatu.

Fadhili ya kitabu hiki imo katika mpango wake. Sauti zimewekwa ubavuni, na msomaji halazimiki kukisia peke yake upande wa pili wa ukuta una nini. Jambo ambalo mmoja analitaja kama mila njema, mwingine hulikumbuka kama kazi aliyotumwa. Lakini hata hapa tusilale. Aliyeuliza maswali naye aliivuta ngozi kidogo, kwa kuwa watu hujibu wanachoulizwa. Na mzee anayesemeshwa mbele ya kinasa sauti anajua kwamba wajukuu wa jirani watasikia.

Basi nini kipimo cha kitabu chema cha kumbukumbu? Wengine watasema ukweli, na wengine watasema uzuri wa lugha. Sivikatai, lakini naviona vigumu kupima peke yake, kwa sababu mwandishi anaweza kusema kweli tupu na kuufunga mlango wa chumba cha uani. Kipimo changu ni hiki: je, kitabu kimeacha vitu vya kutosha, vilivyotajwa kwa majina na kiasi chake, hata msomaji akaweza kuwafikia wale ambao mwandishi hakuwafikia? Frasila za Tippu Tip zimeacha, na jino la Jilfidan limeacha. Kitabu kilichojaa maneno ya jumla, kwamba zamani watu walipendana na watoto walikuwa na adabu, hakiachi kitu. Na vya namna hiyo, kwa masikitiko, huandikwa kila mwaka juu ya miji yetu. Huanza kwa nasaba ya waanzilishi, hupita juu ya misikiti na makaburi ya watukufu, huishia kwa picha ya mwandishi. Aliyepika, aliyeteka maji na aliyenyonyesha watoto wa wenyewe hawamo.

Kwa wale walio na wazee nyumbani nina neno moja. Waulizeni sasa, na yaandikeni majibu kama yalivyosemwa. Na mzee akinyamaza, msikijaze kimya chake kwa hadithi ya kubuni, wala msikiache nje ya kitabu. Mimi nilipoandika habari za ukoo wetu kwa ajili ya wanangu, nilifika kwa mama wa bibi yangu nikasimama siku nyingi, kwa kuwa sikuwa na jina la mji wala la kabila. Mwishowe niliandika nilichokuwa nacho: kwamba bibi aliulizwa, kwamba alijibu, "Bara," na kwamba mtoto aliyemwuliza aliagizwa maji.