Uso wa Anayesikiliza

Kennedy anazungumza, lakini aliye kwenye kioo cha televisheni ni Nixon. Anajipangusa jasho usoni kwa leso, haraka, kama mtu aliyefumaniwa. Ni sekunde chache tu katika mdahalo wa saa nzima wa wagombea urais wa Marekani uliorushwa kutoka studio za WBBM, Chicago, tarehe 26 Septemba 1960. Nadhani zilimuumiza kuliko jibu lolote alilotoa usiku ule.

Wengi huisimulia habari hii kwa kuanzia na poda. Poda ilikuwepo, kweli. Don Hewitt wa CBS, aliyeongoza matangazo, alikuwa na mpambaji tayari. Kennedy akakataa, Nixon, asionekane mlegevu mbele ya mwenzake, naye akakataa. Wasaidizi wake wakampaka Lazy Shave, poda ya dukani ya kuficha ndevu zinazochipua, na chini ya taa zile jasho likaishinda. Tena alikuwa ametoka hospitali wiki chache nyuma kwa goti lililopata maambukizi, amekonda, kola ya shati inampwaya. Goti lilelile akaligonga tena alipokuwa akishuka garini kuingia studio. Suti yake ilikuwa ya kijivu, na ukuta wa nyuma nao wa kijivu. Kwenye picha nyeusi na nyeupe, ukuta ukammeza. Kennedy, ndani ya suti ya rangi nzito, alionekana kama muhuri kwenye karatasi.

Hayo yote yangekuwa madogo kama kamera ingebaki kwa msemaji. Hewitt hakuibakiza. Kila mara alikata picha kwenda kwa aliyekaa kimya, na hapo ndipo televisheni ilipoachana na jukwaa na redio. Kwenye mkutano wa hadhara, nani anamtazama mgombea anayesubiri zamu? Kwenye redio hata hayupo. Studio ilimfanya mtu ahukumiwe wakati mwenzake anasema. Kennedy alikaa amekunja nne, mikono mapajani, akimtazama Nixon kama mkaguzi anayesomewa hesabu asizoziamini. Nixon aliketi akilinda goti, macho yakihamahama. Ilipofika zamu yake ya kusema, alianza kwa kukiri kwamba mengi aliyoyasema Kennedy, wengi wangeweza kukubaliana nayo. Kwenye karatasi hiyo ni adabu. Kwa uso ule, ilifanana na kusalimu amri.

Husemwa pia kwamba waliosikiliza redioni walimpa Nixon ushindi. Dai hilo linategemea zaidi uchunguzi wa kampuni ya Sindlinger, na wasikilizaji wa redio waliohojiwa humo walikuwa 282 tu. Huenda wengi wao walimpenda Nixon hata kabla hajafungua mdomo. Mimi naupa uzito zaidi utafiti wa James Druckman wa mwaka 2003. Aliwagawa watu wasioukumbuka mdahalo huo: wengine wakautazama, wengine wakausikia tu. Watazamaji ndio walioelekea zaidi kusema Kennedy ameshinda, na katika kuamua waliegemea zaidi tabia waliyodhani wameiona kwa mtu. Uchaguzi wenyewe uliamuliwa kwa tofauti ya kura zipatazo 113,000 kati ya takriban milioni 68, kwa hiyo kila mwenye sababu yake anaweza kudai ndiyo iliyotosha.

Wakenya waliishuhudia nguvu hii ya kioo, na mipaka yake, tarehe 11 Februari 2013, katika mdahalo wao wa kwanza wa urais. Wagombea walikuwa wanane jukwaani, maana yake kila mmoja alisikiliza kwa muda mrefu kuliko aliozungumza. Mohamed Abduba Dida, ambaye wengi hawakuwa wanamjua, aliwachekesha watu akawa gumzo la mitaani. Siku ya kura akapata chini ya asilimia 1. Kioo kilimpa kupendwa. Mawakala wa vituoni, fedha na ngome ya nyumbani havikuja na kioo.

Mwaka 1960, watu wa Nixon hawakungoja utafiti wowote. Kwenye mdahalo wa pili, Washington, tarehe 7 Oktoba, alipakwa vipodozi sawasawa, na studio ikawa baridi kama jokofu. Bill Wilson, mshauri wa Kennedy wa mambo ya televisheni, alisimulia baadaye kwamba aliteremka hadi chini ya jengo akamkuta mtu wa Nixon amesimama kukilinda kidhibiti joto. Wakavutana hapo, mpaka wakakubaliana joto lipandishwe kidogo.