Ukungu Machoni mwa Arthur Morgan

Skrini yako ni vigae vya mraba tu. Waya wa simu ukipita juu yake kwa mshazari, unatoka na meno kama msumeno. Kila gemu lazima iyalainishe meno hayo, na kila njia ina bei yake.

Nachukua Red Dead Redemption 2, toleo la kompyuta la 2019, kwa sababu menyu yake inakupa njia tatu. MSAA hupima ukingo mara mbili, nne au nane ndani ya pikseli moja. Picha inabaki kali, lakini kadi ya grafiki inahema, na majani ya miti bado yanametameta. FXAA, kazi ya Timothy Lottes wa NVIDIA, haina gharama kubwa: inangoja picha ichorwe, inatafuta panapofanana na ukingo, inapapaka. Shida ni kwamba inapaka hata pale ambapo hapakuwa na meno. TAA nayo hukopa rangi kutoka fremu zilizopita. Arthur akisimama, waya umetulia, safi kabisa. Akipanda farasi na kutoka mbio, nyasi zinageuka uji.

Wengi husema TAA ndiyo mfalme. Kwa skrini ya 4K, sibishi: ina pikseli 8,294,400, kwa hivyo hata ikipakwa kidogo bado kuna mengi ya kuona. Skrini yangu ni 1080p, pikseli 2,073,600, yaani robo tu. Hapo ukungu unaonekana waziwazi.

Basi si uzime? Jaribu uone. Nywele na majani yanabaki vitone-vitone, kwa sababu yalichorwa yakitegemea TAA ije kuyasafisha. Hapo ndipo ugomvi wangu ulipo. Menyu inakuambia chagua, kumbe picha ilishachagua kitambo, na ilimchagulia mwenye skrini kubwa.

Kwa hivyo mimi huacha TAA, napandisha kile kipimo chake cha ukali kidogo, na maisha yanaendelea. Lakini nisiambiwe huo ni ubora. Meno machache kwenye paa la nyumba sijali, macho huyazoea. Marekani ya 1899 iliyochorwa hadi jani la mwisho, kisha ikafunikwa ukungu kila ninapokimbia, hiyo bado sijaizoea.